Mwaka wa Furu Nne

Tulipomzika Nabintu mwezi uliopita, kijana mmoja wa kanisa alisimama kando ya jeneza akasoma karatasi. Akasema marehemu alikuwa mama mtulivu, mpole, asiyependa makelele. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele pamoja na wazee wenzangu, nikaguna kwa sauti mpaka mjukuu wake akanigusa bega akidhani nimezidiwa. Mtulivu! Nabintu! Mwanamke aliyewaingiza watu wa mtaa wetu wa Kimanga chini ya vitanda mchana kweupe, askari wakaja mbio na bunduki, yote kwa sababu ya mkate! Nilitaka kusimama niwaambie, lakini magoti yangu siku hizi hayapokei amri. Nilirudi nyumbani na hasira yangu, nikanywa chai, nikamwomba mjukuu wangu daftari ambalo hajamaliza kulichafua. Sitaandika nilizaliwa na nani wala babu yangu alishuka kutoka mlima gani. Hayo muulizeni mwenye subira. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka wa vita, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mimi na Nabintu tulipojenga furu. Ndivyo tulivyoliita jiko la kuokea mikate, kwa Kifaransa tulichokitafuna wenyewe.

Tulikaa katika chumba kimoja cha matofali mabichi, kwenye kiwanja cha baba yangu mdogo pale Kimanga. Mlango ulitazama ziwa, kama milango yote ya Uvira, na nyuma yetu mlima ulisimama karibu sana, kama mtu anayekusomea barua juu ya bega. Ndani tulikuwa na mkeka mmoja, sufuria mbili, sanduku la Nabintu, na dirisha dogo lisilo na kioo tuliloliziba kwa gunia. Nabintu alinizidi miaka mitatu. Alikuwa amefanya kazi kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la mikate upande wa bandarini; alimwoshea sinia, akamkandia unga, akampangia mikate kwenye kapu. Uhuru ulipofika yule Mgiriki alivumilia kidogo, kisha akafunga mlango wake akavuka mpaka, na mji ukabaki bila mkate. Kuna watakaosema hilo ni jambo dogo. Hawakuwaona makarani wetu, waliokwisha kuzoea kuchovya mkate kwenye chai, sasa wanachovya muhogo wa kuchemsha huku wanatazama pembeni. Jioni moja wawili wao walipita chini ya dirisha letu tukiwa tunakula bugali na sombe la majani ya muhogo, na mmoja akasema, "Uhuru tulipata, mukate tukapoteza." Mwenzake akacheka. Nabintu hakucheka. Tonge lake lilibaki hewani, sombe likidondoka kwenye mkeka.

"Feza, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi weye na minye tutajenga furu."

Hivyo tu. Leo vijana wakitaka kuanzisha kitu wanaanza na mkutano, halafu mkutano wa kupanga mkutano. Sisi tulimaliza bugali, tukanawa, tukaanza kubishana furu itakaa pembe gani ya kiwanja. Miaka ile kila mtu alikuwa anajaribu kitu ambacho zamani hakuruhusiwa hata kukigusa: mwalimu alijaribu ubunge, dereva alijaribu kuwa mwenye gari, fundi cherehani alifungua hoteli yenye meza mbili. Hewa yenyewe ilikusukuma mgongoni. Nilikuwa nikiamka kabla ya Nabintu, nalala tena kwa nguvu, naamka tena, kwa hamu ya kuanza siku. Sijawahi kuipata tena hamu ya namna ile, hata nilipoolewa, na mume wangu, Mungu amrehemu, alilijua hilo.

Tatizo lilikuwa baba mdogo. Yeye aliishi Bwegera, kwenye mpunga wake, na kile kiwanja alitaka kukiuza. Alikuja kwa baiskeli, akasikiliza maneno yetu yote bila kukaa, akapiga kengele ya baiskeli mara moja kama hakimu. Akasema, "Nawapa mupaka mvua ziishe. Mvua zikiisha, kama kuko furu inayopika mukate wa kuliwa na muntu, mubaki. Kama hakuna, nauza, na weye Feza unarudi Bwegera kulinda mupunga." Wasiojua kulinda mpunga niwaeleze. Unasimama juu ya jukwaa la miti kuanzia jua linapochomoza, unapiga debe, unapiga kelele, ndege wanaruka upande huu wanatua upande ule, unageuka, unapiga kelele tena, mpaka jua lizame. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu utoto, na sauti yangu ilikuwa imekwaruzika kama ya mzee mvuta tumbaku. Mwanamume mmoja wa Luvungi alikataa kunioa kwa sababu ya sauti hiyo. Namshukuru mpaka leo. Nabintu yeye hakuwa na Bwegera ya kurudi. Alikuwa na lile sanduku tu.

Sasa nikiri kosa letu la kwanza, maana mengine yote yalizaliwa humo. Kwetu mtu akitaka kujenga, hata choo, huchukua kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akapiga hodi kwa majirani wa pande zote. Anakaa, anasema, "Nataka kuchimba hapa." Wanakunywa. Na wakiwa wanakunywa, ndipo anaambiwa maji ya mlima hupita wapi, shimo la zamani liko wapi, udongo gani hupasuka. Mimi nilidhani ni adabu tu ya wazee, kisingizio cha kunywa. Nabintu akasema, "Kiwanja iko yetu. Ruhusa tunaomba ya nini?" Nikamwunga mkono kwa furaha. Sisi tulikuwa watu wa uhuru bwana! Upande wa kaskazini, nyuma ya ua wa matete, aliishi Mama Riziki, mjane mrefu aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na kila asubuhi alitusalimu, akangoja kidogo. Sisi tulijibu haraka tukaendelea na majembe yetu. Alikuwa anangoja nini hatukujiuliza.

Nabintu alijua mkate, lakini hakuwahi kuona furu kwa ndani. Mgiriki hakumruhusu kuikaribia. Kwa hiyo alijua chakula na hakujua chungu. Tulikwenda kuchota udongo wa vichuguu upande wa Kavimvira, tukaubeba kwa vichwa, tukauchanganya na majani makavu ya mpunga, tukaukanyaga kwa miguu siku nne. Tukatengeneza kilima cha mchanga wa ziwani, tukakifunika kwa udongo ule, ulipokauka tukachimba mchanga kwa kupitia mdomo, ikabaki kuba tupu, nzuri, ya mviringo. Chini yake, kuwa sakafu, tulikuwa tumepanga mawe laini ya mtoni. Tuliyachagua moja moja pale Kalimabenge, tukitazama rangi zake. Nilijivuna kwa mawe yale kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya maishani. Siku ya kuwasha moto tulivaa vitambaa safi vya kichwa. Moto ukashika, ukanguruma, Nabintu akacheza, mimi nikapiga makofi, na ndipo jiwe la kwanza likapasuka.

Nani alijua kwamba jiwe la mtoni hunywa maji na kuyaficha tumboni? Paa! Halafu paa, paa! Mwaka ule, kumbukeni, kila siku watu walinong'ona kwamba waasi wako kwenye mabonde ya juu, wanashuka. Jirani wa kusini akapiga yowe, "Banakuya! Bamefika!" na nikasikia milango ikifungwa barabara nzima, watoto wakiburutwa ndani, mbuzi wakilia. Kipande cha jiwe kiliruka kikatoboa sufuria yetu moja kati ya mbili. Furu ikapasuka ubavu, ikaketi chini polepole. Askari sita wakaingia wameinama, bunduki mbele, wakatukuta tumejikunyata nyuma ya sanduku, weusi kwa majivu mpaka kwenye kope. Mkubwa wao akauliza, "Bunduki iko wapi?" Nabintu akainua mikono, akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Afande, ni mukate." Yule askari alitazama kifusi, akatutazama sisi, akaketi juu ya tofali akacheka mpaka akavua kofia. Sisi hatukucheka siku ile. Tulicheka wiki iliyofuata, na tumecheka miaka yote iliyofuata. Hata hospitalini, siku mbili kabla hajafa, nilimnong'oneza "Afande, ni mukate," akafumba macho, tumbo likatikisika kwa kicheko.

Furu ya pili tuliijenga kwa hasira, na kwa sakafu ya udongo mtupu. Mdomo wake tuliuelekeza ziwani. Hatukulijadili hata, huko ndiko kila kitu Uvira kinakotazama. Sasa, serikali ilikuwa imeweka kuvrefe, amri ya watu kutotoka wala kuwasha moto nje kabla ya jua kupanda, kwa hiyo hatukuweza kuoka alfajiri kama waokaji wengine duniani. Tuliwasha asubuhi, tukaoka mchana, tuuze kwa chai ya jioni. Na mchana pale kwetu upepo hutoka ziwani. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo, anapeperusha kishada chake. Sisi tulikuwa na akili za chuo kikuu, hatukulijua. Upepo ukaingia mdomoni mwa furu ukasukuma moto wote nyuma, ukapuliza majivu juu ya unga. Mikate ikatoka nyeusi upande mmoja na mibichi upande wa pili. Nabintu alichukua mmoja akautia kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. "Huyu hajafa," akasema. Tulikula mikate hiyo siku tatu pamoja na ndagala za kukaanga, tukitema majivu, kwa sababu unga wa ngano ulikuja kwa meli na hatukuwa watu wa kutupa unga. Siku ya nne aliipiga furu teke, akaumia kidole gumba, akaketi chini akalia, halafu akasema huku machozi yakimtoka, "Igeuze. Itazame mulima."

Ndiyo, tulibomoa tukajenga ya tatu, mdomo mlimani, mgongo ziwani. Watu walisimama barabarani kuitazama. Mzee mmoja aliyepita na samaki wake alisema furu yetu imewanunia wageni. Lakini bwana we, ilioka! Sitasahau ule mchana wa kwanza. Nabintu alisogeza bati tulilolifanya mlango, harufu ikatoka, na tulishikana mikono tukiwa tumepiga magoti kama watu wanaoombewa. Mikate kumi na miwili ya rangi ya kahawia, iliyofura, iliyolia ukiigonga chini kwa kifundo cha kidole. Nabintu aliigonga yote, mmoja mmoja, ameweka sikio. Nilipiga vigelegele mpaka sauti yangu ya kufukuzia ndege ikakatika kabisa. Wale makarani walinunua, mmoja akala papo hapo amesimama, akafuta kinywa kwa tai. Kwa siku tisa tulikuwa watu wakubwa. Tulipita sokoni tunasalimiwa. Nabintu alianza kuzungumza habari za furu mbili, tatu, moja Bukavu. Mimi nilikuwa nikilala nikiwa na tabasamu. Naamka mashavu yanauma.

Siku ya kumi mvua ilinyesha milimani tangu asubuhi, kwetu chini hata tone. Kiasi cha saa tisa mchana tukasikia mngurumo. Kwa nini milango yote ya Uvira inatazama ziwa? Kwa sababu mlima ukikasirika maji yake hushuka nyuma ya nyumba, na nyumba huupa mgongo. Babu za babu zetu walilijua hilo, na kila nyumba mtaani ilikuwa inatuonyesha kila siku, wala hatukuona. Maji mekundu yakaja kupitia kiwanja, yakakuta mdomo umeyafungulia wazi, yakaingia. Tulisimama mlangoni tukitazama. Furu haikuanguka kwa kishindo. Ililainika, ikainama, ikawa tope, tope likaenda ziwani. Nilihisi kitu kifuani kikienda nalo. Zilikuwa zimebaki kama wiki tatu mvua ziishe, na dereva wa lori la mpunga alikuwa ameshaleta salamu za baba mdogo kwamba atakuja mwenyewe kuangalia. Niliingia ndani nikakunja kitenge changu cha pili. Nabintu akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Nakwenda kulinda mupunga kabla sijaitwa. Afadhali niende mwenyewe." Alikaa juu ya sanduku lake, mikono katikati ya magoti, na hilo ndilo lililonitisha: Nabintu kukaa kimya.

Katika kimya hicho ndipo tulipomsikia Mama Riziki, ng'ambo ya matete, akizungumza na binti yake huku wakichambua ndagala. Hakunong'ona, labda alijua, labda hakujua. "Masikini bale batoto," alisema. "Mara tatu sasa. Ile siku balipopanga mawe ya muto niliona, nikanyamaza. Baba yako angalikuwa muzima angenigombeza sana. Muntu aliyechoma matofali ya kanisa lote lile, na bibi yake ananyamaza kwa sababu hakusalimiwa vizuri!" Nabintu akaruka juu kama amekanyaga kaa la moto. "Alijua! Feza, yule mwanamuke alijua! Nakwenda kumwambia maneno leo asahau jina lake!" Nami pia damu ilinichemka, kweli. Lakini hapo hapo nilikumbuka asubuhi zote zile, salamu yake, na kile kitambo kidogo alichongoja baada ya salamu, na uso ukapata moto kwa aibu. Nikamshika Nabintu mkono. Nikamwambia tutakwenda, ndiyo, lakini tutakwenda na kasiksi.

Chumba cha Mama Riziki kilikuwa cha matofali ya kuchoma, cha pekee mtaani, baridi kama ndani ya kanisa, na ukutani alitundika kofia ya marehemu mumewe. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaweka kibuyu chini, na nikaanza hotuba niliyokuwa nimeipanga. Akanikatiza. "Kwanza tule." Tukala bugali, ndagala zenye pilipili za kutoa machozi, na lengalenga, mchicha wa kwetu, na nadhani zile pilipili aliziongeza makusudi. Tulipomaliza kunawa akamimina kasiksi, akanywa, akasema, "Sasa. Miezi yote hii munapita hapa, minye iko kama kisiki." Nabintu, ambaye hakuwahi kumwomba mtu msamaha mbele yangu, alishuka kwenye kigoda akapiga magoti. "Mama, tulikosa. Tulijiona." Mimi nikapiga magoti pia. Mama Riziki akasema naye alikosa, kwamba mdomo wake ungetuokolea sufuria, na kwamba tuinuke, sakafu ile ina baridi itatuharibia magoti. Ilikuwa kweli, magoti yenyewe ndiyo haya.

Kisha akatoka nje, tukamfuata. Akasimama kwenye ua wa matete, akatazama ziwa, akatazama mlima. "Furu haiwezi kutazama kule, upepo. Haiwezi kutazama kule, maji. Inatazama huku." Alikuwa ameonyesha uwanja wake mwenyewe. Nabintu akasema, "Mama, moshi wote utaingia kwako. Na ndagala zako unaanika hapo." Akasema ameona, yeye si kipofu. Nikamwuliza atataka nini kwa hilo. Akashika tete la kwanza la ua akaling'oa, akalitupa, akashika la pili. "Nataka kuwa mule ndani. Si kupewa mukate kila siku kama muntu wa kuombaomba. Kufanya. Tangu baba Riziki amekufa hakuna anayeniuliza kitu ninachojua." Akang'oa matete kwa nguvu zaidi ili tusione uso wake. Nabintu alianza kung'oa kutoka upande wetu. Kabla ya jioni hapakuwa na ua.

Furu ya nne ilijengwa juu ya kitako kirefu cha udongo ulioshindiliwa, sakafu ya matofali ya kuchoma yaliyobaki nyuma ya nyumba yake tangu enzi za mumewe. Mama Riziki alisimama mkono kiunoni akitutukana kwa upendo. Hakuturuhusu kuwasha moto mkubwa. Siku ya kwanza moto wa kukaanga yai moja, siku ya pili wa mayai mawili, mpaka udongo utoe jasho lake lote. Nilitaka kufa kwa kungoja. Wiki nzima tulikuwa tukiweka viganja kwenye kuba kama mtu anayepima homa ya mtoto. Na siku aliyosema "Leo," tukiwa tumekwisha kuondoa makaa na kuingiza mikate, tukasikia kengele ya baiskeli. Baba mdogo alikuwa ametoka Bwegera asubuhi, suruali imejaa vumbi. Ndiyo, vumbi, mvua zilikuwa zimeisha. Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono. Nabintu alikuwa anahema. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya lile bati, na maisha yangu yote yalikuwa nyuma yake, sikuthubutu kulisogeza.

"Fungua, mutoto," akasema Mama Riziki. Nikafungua. Sitaeleza tena harufu. Baba mdogo aliumega mkate ukiwa moto, akajichoma, akaupuliza, akala. Akatafuna taratibu, macho yakitazama ziwa. Akamega tena. Akamaliza ule wote, akapangusa mapaja, akasema, "Iko na mungine?" Nabintu akapiga yowe ambalo nina hakika lilifika Burundi. Mama Riziki akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa kucheza, kitu ambacho kanisa lake halikuruhusu. Nami nilimkumbatia baba mdogo, jambo ambalo kwetu binti hafanyi, na yeye akasimama wima kama mti, hajui mikono aiweke wapi. Mwishowe akasema atamtafuta mtu mwingine wa kulinda mpunga, akafunga mikate sita kwenye baiskeli, akaondoka huku anatafuna.

Tulioka wiki tano. Zilikuwa wiki tano za furaha ambazo sijui nizielezeje; tulikuwa tunanuka moshi na chachu, mikono imeungua mpaka kwenye viwiko, na tulicheka kila kitu. Kisha waasi wakashuka kweli. Safari hii mlio haukuwa wa mawe. Mji ulikimbia kuelekea kaskazini, kwenye mto Ruzizi, na sisi tulikimbia pamoja na mji, Mama Riziki na binti yake mbele, Nabintu nyuma akiwa na beseni kichwani, lenye unga wa siku ile uliokwisha kukandwa. Nilimfokea autupe. Akakataa. Kwa jua lile unga ukafura, ukainua kitambaa, ukaanza kumshukia masikioni, naye akiurudisha kwa kiganja huku anakimbia. Ng'ambo ya mto tuliuchoma kwenye majivu, vipande vidogo, tukagawia watoto wa watu tusiowajua. Mama mmoja aliniuliza tumeutoa wapi mkate siku kama hii. Nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kukageuka kicheko.

Tulikaa ugenini miezi kadhaa, tukilimia watu, mpaka tuliposikia mji umetulia. Tulirudi mvua mpya zikiwa zinaanza. Chumba chetu hakikuwa na bati hata moja. Sanduku la Nabintu halikuwepo. Furu ilikuwa imevunjwa, sijui na nani. Labda walidhani tumeficha kitu ndani. Nyumba ya Mama Riziki ilisimama, lakini milango ilikwenda kuwa kuni. Tulisimama sisi watatu, yule binti nyuma yetu, mbele ya kifusi, mvua nyembamba ikitunyeshea. Nilingoja nione nani ataanza kulia. Nabintu akakizunguka kile kifusi mara moja, akakipiga piga kwa mguu, akasema, "Hata hivyo mudomo ulikuwa mudogo." Mama Riziki akasema alilijua hilo tangu mwanzo. Nabintu akamwuliza kwa nini basi alinyamaza, wakaanza kugombana palepale, juu ya kifusi, na mimi nikaenda kutafuta jembe.

Siku ya tatu tukiwa tunakanyaga udongo, vitenge vimefungwa juu ya magoti, mtu akasimama barabarani. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, shati moja, hana baiskeli. Baba mdogo alikuwa ametembea kutoka Bwegera kwa miguu. Mpunga ulichomwa ghalani, akasema. Nyumba pia. Vijana wake wamekimbia, hajui wako upande gani wa mto. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akitazama miguu yetu. Nilidhani amekuja kuomba kiwanja chake, na kwa haki kilikuwa chake. Lakini alibaki pale, nje ya kiwanja, kama mgeni. Kisha mtu yule aliyeniamulia kila kitu tangu nilipojifunza kutembea akasema, "Feza. Weye umeanguka mara nyingi, ukajenga. Minye sijawahi. Nianzie wapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini tu. Nilimtazama Nabintu, Nabintu akatazama chini, akipangusa uso kwa mkono wenye tope na kujipaka zaidi. Nikasogea pembeni nikampa nafasi kwenye udongo. Baba mdogo akakunja suruali, taratibu, upande mmoja, halafu upande wa pili, akaingia. Alikanyaga kidogo kidogo, kwa woga. "Weye muzee!" Mama Riziki akamfokea. "Kanyaga! Hutavunja kitu, bimekwisha kuvunjika byote!" Akasimama, akamtazama yule mwanamke, kinywa wazi. Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alinishika bega asianguke, na akakanyaga.